Kwa Nini Waogeshaji Wetu Wanavaa Maua

Siku mliyonikatia keki ya kuniaga, yule binti mpya aliniuliza swali mbele ya watu wote. Alisema katika nyumba zote za dini hii, za kule Korea na za hapa Australia, waogeshaji wa wazee huvaa nyeupe. Sasa kwa nini sisi wa Rooty Hill tunavaa mablauzi ya maua kama tunakwenda harusini? Mkacheka. Nikamwambia nitajibu kwa maandishi, maana nikianza kusema, krimu ya keki itayeyuka.

Nimekaa na daftari hili wiki tatu. Mimi sikusoma. Kuandika nilijifunzia kambini Tanzania, nikiwa na watoto wanne tayari, katika darasa la watu wazima lenye ubao mmoja na chaki za kugombania. Kwa hiyo msitafute maneno mazuri humu. Tafuteni kazi.

Kwanza nilivyoingia. Watu wanapenda kudhani nilivutwa na imani. Niliingia kutafuta choo. Kiwanda cha kuku kilikuwa kimetupunguza, na siku hiyo nilikuwa nimetoka kuomba kazi ya kufagia shule, wakanitazama usoni wakasema watanipigia. Nimeshuka treni Rooty Hill, tumbo limejaa chai ya kusubiria, nikaona mlango uko wazi. Lile jengo lilikuwa duka la magodoro zamani; hata leo ukiangalia ukuta wa nje jua likiwa upande utaona alama ya kibao cha zamani. Viatu vimepangwa mlangoni. Ndani mwanamke mfupi, nywele fupi za kukunja, nguo nyeupe juu na chini, ameshika beseni. Aliponiona akaweka beseni chini, akainama mbele yangu mpaka nikaona utosi wake.

Nikatazama sakafuni. Nilidhani nimedondosha kitu.

Kambini tulioinama ni sisi. Tuliinamia mwenye kalamu, mwenye kopo la kupimia unga, mwenye ufunguo wa bomba. Hakuna aliyewahi kuniinamia mimi. Yule mwanamke akanionyesha choo, na nilipotoka nikakuta bakuli la supu ya mwani na wali. Supu haikunipendeza. Niliimaliza, maana nimelelewa.

Huyo ndiye Bibi Pak. Mliokuja juzi mnamjua kama bibi wa kiti cha magurudumu anayewasahihisha namna ya kukunja taulo. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na kitu na alikuwa anabeba magunia. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu, lakini ubovu wetu haukuwa mahali pamoja, kwa hiyo tulisaidiana.

Dini yao nitaisema kwa ufupi, wenye kujua watanisamehe. Ilizaliwa Korea zamani za babu wa babu zao. Wanaweka bakuli la maji safi mezani, wanakaa mbele yake kimya. Wanasema kila mtu amembeba Mungu ndani yake, hata mlevi wa stesheni, ndiyo maana wanainamia watu. Na wana desturi moja ambayo mimi naipenda kuliko mahubiri yote: kila wanapotaka kupika, mwenye nyumba anachota kijiko cha mchele kwa kila mtu wa nyumba ile, anakiweka pembeni katika mfuko wa kitambaa. Mifuko inaletwa jikoni kwetu kila Jumapili. Ndio wali tunaowapelekea wazee. Mchele wa nyumba hii unanata, wa nyumba ile ni mrefu mkavu, mwingine wa kahawia, wote sufuria moja. Huu umeshalainika, ule bado unagonga meno. Nilimwambia Bibi Pak tuutenganishe. Akasema hapana, umekuja pamoja utaiva pamoja. Haukuwa unaiva pamoja, lakini nilinyamaza nikaongeza maji.

Hawakuniuliza nitajiunga lini. Mchungaji wangu wa Blacktown ndiye aliyeniuliza kama nimehama. Nikamwambia aje kwanza tuogeshe mzee mmoja, halafu tuzungumze. Hakuja, na hakuuliza tena.

Nilianza kuosha vyombo. Siku moja Bibi Pak akanishika mkono akaukunja kwenye kiwiko, akautazama kama mtu anayetazama nyama sokoni, akaniita bafuni. Akanilowesha mkono katika maji ya moto dakika kumi. Kisha akavaa kile kitambaa cha kijani, mnakijua, kinachoingia mkononi kama soksi na kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Akasugua. Uchafu ukatoka umejiviringa kama tambi. Mimi niliyeoga asubuhi ile ile, kwa sabuni na dodoki! Niliona aibu mpaka masikioni. Yeye akacheka akaniambia kwao kuna mabafu ya umma, watu wanasuguana migongo hata kama hawajuani, na mama yake alikuwa anasugua watu kwa kazi. Mgongo wako mwenyewe huufikii, alisema. Kwa hiyo Mungu ameshaamua kwamba utamhitaji mtu.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia. Cheti cha kutunza wazee nilikipata baadaye, mjukuu akinisomea maswali mezani. Kipo kabatini. Hakijawahi kumwogesha mtu.

Alinifundisha haya, na mimi nawaachia ninyi. Maji yapimwe kwa kiwiko, maana kiganja cha mpishi ni mwongo. Mzee aloweke kwanza, sabuni baadaye. Ukianza na sabuni unateleza juu ya uchafu. Kitambaa cha kijani ni kwa wenye ngozi ya kustahimili. Mzee mwenye ngozi ya kitunguu, chukua pamba ya shuka kuukuu. Anzia miguuni uelekee moyoni. Usimvue mtu wote kwa mara moja. Funika, fungua kidogo, osha, funika. Tazama nyuma ya masikio, chini ya matiti, katikati ya vidole, na mfupa wa mkiani ambako vidonda vya kulalia huanza kama waridi dogo. Ukiona kidonda mwite nesi, usijifanye daktari. Na kata ya kuchotea maji, ile ya plastiki ya Wakorea, nilipoiona tu nilicheka, maana bibi yangu alikuwa na ya kibuyu, umbo lile lile.

Tena kulikuwa na utaratibu wa kuingia nyumbani kwa mtu. Mnaenda wawili. Mmevaa nyeupe. Mmebeba taulo katika bunda la kitambaa cheupe lililofungwa fundo juu, na bakuli la maji safi. Mkifika mnaweka bakuli mezani, mnamwinamia mzee, mnakaa kimya kiasi cha kuhesabu pumzi ishirini. Ndipo mnaanza. Bibi Pak alisema ule ukimya ni wa sisi kukumbuka ni nani aliyekaa mbele yetu. Niliupenda utaratibu ule. Wazee wa Kikorea walikuwa wanalia machozi wakituona. Wa Kifilipino walifanya ishara ya msalaba wakafurahi. Mzungu mmoja wa Blacktown alidhani tunafanya karate, lakini aliogeshwa.

Sasa Bi Zainabu.

Tulipigiwa simu kutoka hospitali. Kuna mama wa Burundi, Mwislamu, anakaa Mount Druitt na binti yake Mariamu, hazungumzi Kiingereza. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Ikatengenezwa, akarudi nyumbani, lakini tangu hapo hakubali kuogeshwa na mtu. Hata binti yake amemkatalia. Wahudumu wa serikali walikwenda wawili. Wa kwanza alifukuzwa, wa pili alirushiwa kikombe. Na ana kidonda mgongoni. Ofisa wa mambo ya wazee alikuwa ameshafika, akanusa, akaandika. Alisema atarudi baada ya wiki sita. Kama mama bado yuko vile, atapelekwa nyumba ya wazee, kwa usalama wake.

Mariamu alitufungulia mlango amevaa bado koti la kung'aa la ghala. Akanishika mikono. "Shikamoo Mama Eliya. Nisaidie. Kule watampa nyama gani? Atamwambia nani kwamba ana kiu? Mama yangu akienda kule anakufa, na atakufa bila hata mtu wa kumwambia pole kwa lugha anayoijua."

Nikamwambia, "Acha kulia. Tumekuja kufanya kazi." Nilikuwa najiamini. Mimi ni Mrundi, Kiswahili ninacho, huyu nitamweza kwa siku moja.

Bi Zainabu alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, macho makali. Tukaingia. Tukaweka bakuli. Tukainama. Tukanyamaza.

Alinitazama mimi, akamtazama Bibi Pak, akatazama bunda. Akaanza kusoma shahada kwa sauti kubwa. Kisha akavuta blanketi mpaka kichwani na hakutoka tena mpaka tulipoondoka.

Njiani nikamwambia Bibi Pak, kwa ujuzi wangu wote, "Ni Mwislamu. Hataki ibada yenu. Amedhani tunamletea sanamu." Akafikiri akasema sawa, bakuli libaki nyumbani.

Wiki iliyofuata tukaenda bila bakuli. Nyeupe yetu, bunda letu, kuinama kwetu. Safari hii alilala chali, amenyooka, macho ameyafumba, mikono pembeni, midomo inatembea. Nikamwamkia, kimya. Bibi Pak alipomgusa mguu akatetemeka mwili mzima. Bibi Pak akaondoa mkono. Aliniambia, "Huyu hana hasira. Huyu anaogopa." Mimi nikasema ni ukaidi, nawajua wanawake wa Buyenzi. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, na kweli wanajua kukataa.

Wiki ya tatu nilikasirika. Mariamu alikuwa ameanza kupunguza zamu, uso umemkauka, na ndani mle harufu ya kidonda ilikuwa imefika sebuleni. Sikungoja hata kuinama. Nilisema, "Bi Zainabu, mimi sina adabu ya mjini. Unanuka. Binti yako anaangamia kwa ajili yako. Wiki tatu zimebaki wakuchukue. Unataka nini?"

Akafumbua macho. Akainuka kwa viwiko.

"Nanuka kwa sababu niko hai! Nani kawaambia nimekufa?"

"Nani kasema umekufa?"

"Ninyi! Mmekuja wawili, weupe tangu kichwani mpaka miguuni. Mmebeba sanda imefungwa. Mmeleta maji katika bakuli. Mnasimama mnaniinamia, mnanyamaza. Na huyo mwenzako ananuka karafuu maiti! Mimi nimeosha maiti Buyenzi tangu sijaota mvi, mama yangu aliosha, bibi yangu aliosha. Kazi yenu naijua kuliko ninyi. Nilidhani nchi hii wana haraka, hawangoji mtu akate roho."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale juu ya ndoo ya nguo chafu.

Ile karafuu maiti ilikuwa dawa ya magoti ya Bibi Pak. Alikuwa anajipaka kila asubuhi. Na mimi, jamani, mimi niliyeishi kambini mlango kwa mlango na Waislamu, niliyewaona waosha maiti wakipita na sanda na maji mara ngapi sijui, mimi ndiye niliyevaa nyeupe nikabeba lile bunda mara tatu, na sikujiona. Bibi Pak hakuwa na kosa. Kwao nyeupe ni ya heshima. Anayejua pande zote mbili ndiye mwenye kosa. Liandikeni hilo popote mnapoandika mambo ya kazi.

Nikamfasiria Bibi Pak. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Alikuwa anaosha wafu? Kwa miaka mingi?"

"Ndiyo."

"Basi huyu ni mwenzetu," akasema. Akamwinamia, akanusa mkono wake mwenyewe, akatoka nje haraka.

Siku tatu baadaye akanipitia nyumbani. Sikumtambua. Alikuwa ameingia duka la mitumba akanunua blauzi ya zambarau yenye maua makubwa kama sahani, suruali ya kijani, na mimi ameniletea ya machungwa. Magoti hakuyapaka; alikuwa anachechemea. Hakuna bunda. Vifaa vyote vimo katika mfuko wa dukani, na karoti juu yake.

Tulipoingia, Bi Zainabu akatutazama juu mpaka chini. "Leo mnakwenda wapi? Kwenye ngoma?"

Bibi Pak akaketi kitini bila kuinama. Akaniambia nifasiri neno kwa neno. "Mwambie mgongo wangu unawasha. Binti yangu anakaa Melbourne. Miezi mitano hakuna aliyenisugua. Mwulize kama anaweza."

Nilimtazama. Akasema, "Fasiri."

Nikafasiri. Bi Zainabu akampima Bibi Pak kwa macho. Kisha akasema, "Mimi kazi nimeacha. Nyonga hii."

"Mwambie ninao kigoda chake. Atakaa, mimi nitasogea."

"Na mwambie mimi nimezoea wasiolalamika," Bi Zainabu akasema.

Bibi Pak alipoelewa akasema, "Mwambie nitajitahidi."

Bi Zainabu akacheka. Mariamu alikuwa kwenye korido. Nilimwona ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mama yake hakuwa amecheka tangu kuanguka.

Mnisikilize vizuri hapa. Bafuni mle hakuwa ameingia tangu siku aliyoteleza. Tulimshika mimi na Mariamu, hatua kwa hatua. Mlangoni alisimama, akang'ang'ania fremu, nikadhani basi. Lakini Bibi Pak alikuwa ameshakaa mbele kwenye kigoda kifupi, mgongo wazi, ametupa taulo chini ili pasiteleze, na alianza kutetemeka kwa baridi kidogo zaidi ya inavyohitajika. Bi Zainabu akasema, "Ah! Mmemwacha mtu uchi hivyo? Hata maiti anafunikwa. Mariamu, lete khanga!" Akaingia. Akaketi. Akamfunika Bibi Pak kiunoni mpaka magotini, akajitia kitambaa cha kijani mkononi, akakitazama, akakigusa kwa kidole gumba.

"Hiki ni cha kuparia samaki."

"Ndicho chao."

"Haya. Bismillahi."

Akaanza bega la kulia. Mimi nimeona mikono mingi katika kazi hii. Ile ilikuwa mikono ya fundi. Haikukosea, haikurudia mahali, ilijua maji yanakwenda wapi kabla hayajakwenda. Bibi Pak alifumba macho. Tambi zikaanza kuanguka.

"Mama Eliya, mwambie kwa mtu wa dini ana mgongo mchafu."

"Sisemi."

"Mwambie!"

Nikasema. Bibi Pak akajibu bila kufumbua macho, "Ndiyo maana nimekuja."

Alipomaliza, dera la Bi Zainabu lilikuwa limelowa mpaka kifuani. Bibi Pak akageuka, akamshika upindo, akaukamua maji yakatiririka. Akasema kwa Kiswahili, neno ambalo alikuwa amenilazimisha nimfundishe ndani ya gari, na mimi nikadhani anataka la kupangia rosta. "Zamu."

Bi Zainabu akavua kile kitambaa cha kijani. Akanigeukia mimi. "Huyu Mchina ana akili."

"Mkorea."

"Mkorea ana akili. Haya, anza upande wa kulia. Na semeni! Anayeogeshwa kimya ni maiti."

Tukamwogesha. Tulitumia pamba ya shuka. Kidonda tulikikuta, kikubwa kuliko nilivyoogopa, na alasiri ile ile nesi akaja akakifunga. Tulikwenda kila baada ya siku moja. Kila mara alianza yeye: siku nyingine mgongo wa Bibi Pak, siku nyingine wangu, siku nyingine miguu tu. Wangu aliusema vibaya zaidi.

Wiki ya sita ofisa akarudi. Bi Zainabu alikuwa amevaa dera la njano, amepaka wanja, na amewasha udi mwingi mpaka king'ora cha moshi kikalia na Mariamu akapanda kiti kukipepea kwa gazeti. Ofisa akanusa, kikazi. Akatazama kidonda, kimekauka pembeni na kupungua nusu. Akatazama bafu, vyuma vya kushikia vilivyofungwa ukutani, mkeka wa kuzuia kuteleza. Akaniomba nimwulize mama ni nani anayemwogesha.

"Mwambie mimi ndiye ninayewaogesha hawa wawili," Bi Zainabu akasema. "Na mwambie naye akitaka aje Alhamisi. Shingo yake naiona kutoka hapa."

Nusu ya kwanza niliifasiri. Mkalimani mzuri anajua wakati wa kuwa kiziwi.

Barua ikaja: atabaki nyumbani kwake. Mariamu alinipigia akashindwa kusema, nikamwambia akalale, ana zamu alfajiri.

Kuhusu nguo, wazee wa jumba la ibada walimwita Bibi Pak. Nyeupe ni ya dini yao tangu mwanzo, zamani kule Korea watu walipigwa kwa ajili ya nyeupe ile. Alisimama mbele yao amevaa yale maua ya zambarau. Alisema bakuli la maji atalikalia kabla ya kutoka, hapa hapa jumbani, na nyeupe ataivaa mbele ya bakuli. Lakini akienda kumwinamia mtu, kwanza amwulize mtu yule kuinamiwa kwake kukoje. Walibishana Jumapili mbili. Jumapili ya tatu mzee mkubwa kuliko wote, aliyepinga sana, alikuja na katoni ya mablauzi kutoka kwa mpwa wake mwenye duka. Yote maua. Mengine mabaya kweli, bado mnayo. Mimi nimeona viongozi wa kila namna, wenye silaha na wenye Biblia, na wachache sana niliowaona wakibadili jambo la baba zao kwa sababu bibi mmoja wa Mount Druitt, asiye wa kwao, aliogopa.

Bi Zainabu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, kitandani kwake, na Mariamu chumba cha pili. Alituogesha mpaka mikono ilipokataa, kisha akawa anatuelekeza kwa mdomo, na mdomo haukukataa kamwe. Alifariki asubuhi moja baada ya uji. Mariamu alikuwepo, akamwambia alichotaka kumwambia, kwa lugha yao.

Msikitini tulikwenda mimi na Bibi Pak. Chumba cha kuoshea hatukuingia; si kazi yetu, ina wenyewe. Tulikaa nje kwenye viti vya plastiki. Tulivaa maua. Mimi nilitaka kuvaa nyeusi kama watu, Bibi Pak akakataa; alisema Bi Zainabu asingetujua.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja wa Mombasa, mikono bado imelowa, mikunjo ya nguo imebanwa kiunoni. Akauliza, "Nani alikuwa akimwogesha huyu bibi?"

Tukasimama. Nilidhani kuna mahali tumemuumiza tukaacha alama.

"Ni sisi," nikasema.

Akatutazama, yale maua, yule Mkorea mwenye fimbo. Akasema, "Tunapokea wazee wengi hapa. Wengine tunalia huku tunaosha. Huyu tumemgeuza, tumetazama kila mahali, mpaka katikati ya vidole vya miguu. Mmetuachia kazi gani?"

Bibi Pak akanivuta mkono. "Amesema nini?"

Nikamfasiria, yote safari hii. Akaiweka fimbo ukutani, akamwinamia yule mama wa Mombasa mpaka chini, na mimi nikainama pamoja naye.

Hilo ndilo jibu lako, binti. Magoti yangu yameisha kwa vigae vya watu, na daktari amenikataza kuyapiga tena. Vitambaa vyangu vitatu vya kijani viko kwenye kabati la pili, nimevichemsha. Bibi Pak anaogeshwa Alhamisi, na kuanzia wiki hii ni zamu yako. Pima maji kwa kiwiko. Anza upande wa kulia. Atakuomba kwanza akusugue wewe. Mikono yake inatetemeka na hatafika mbali, lakini mpe mgongo, umngoje mpaka amalize.